Kebo ya Mama

Seva ilitoka Kajiado siku ya Ijumaa, imesimama kwa lori katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, na mzee Lesiamon amekaa kando yake akiishika bega kama mgonjwa anapelekwa hospitali.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Kampuni yetu ilikuwa inauza vitu za mifugo: dawa ya kupe, chumvi, chanjo, na zile tag za plastiki za masikio ya ng'ombe. Ofisi kubwa ilikuwa Kitengela, depot ilikuwa Kajiado, na sasa depot ilikuwa inafungwa. Kila kitu kilikuwa kinahamia Kitengela, hata hiyo seva. Haikuwa kompyuta ya mezani, na haikuwa yale madude ya benki yanayojaza chumba. Ilikuwa ya katikati: nyeusi, ukubwa wa kabati ya vyombo, na kidirisha kidogo mbele cha kuonyesha namba. Skrini zote za ofisi zilikuwa zinaning'inia kwake na kebo nene kama kidole gumba. Moja kati ya hizo skrini ndiyo inaitwa konsoli. Seva ikiamka, inaongea na konsoli kwanza. Konsoli isipojibu, hakuna mtu mwingine anapata hata salamu.

Kaluki alikuja nayo. Kwa miaka minne yeye ndiye alikuwa anaiamsha kila asubuhi kule Kajiado. Hakuwa na cheti ya kompyuta. Alikuwa na daftari ya shule, ile ya kurasa tisini na sita, na kila namba aliyowahi kuona kwa kile kidirisha alikuwa ameiandika: upande wa kushoto namba, upande wa kulia maana yake, kwa maneno yake mwenyewe. "Stima imepotea ikarudi." "Diski inalia, ita fundi." "Nimeenda chai na nikasahau kuijibu."

Madam Selpha, meneja wetu, alimwambia mbele ya watu wote, "Kaluki, Jumamosi mimi nafunga ofisi saa saba. Konsoli ikiwa imewaka kwa chumba cha juu saa hiyo, kazi ya operator ni yako, nitaandika barua. Isipowaka, Jumatatu wale watu wa Nairobi wanaleta mtu wao."

"Na mimi nitaenda wapi, Madam? Depot si imefungwa?"

"Ndio maana nakuambia iwake."

Kaluki alikuwa ashahamisha mtoto shule, Kitengela hapo nyuma ya soko. Hakusema. Mimi nilijua kwa sababu nilimsaidia kubeba sanduku ya huyo mtoto.

Mimi ndiye nilikuwa naitwa mtu wa kompyuta pale ofisini. Nilikuwa nimesoma kompyuta chuo kikuu mpaka ikabaki mwaka mmoja na project ambayo sikuanza. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha ribbon za printer na kuambia watu wazime halafu wawashe. Wakati uliobaki nilikuwa nautumia kwa Ouma.

Ouma alikuwa anauza kwa kaunta, chini. Mtu mzuri, anaamini kila kitu imeandikwa. Kabla seva ihame, tulikuwa tunaifikia kutoka Kitengela kwa laini ya simu, na skrini ya Ouma ilikuwa inapokea ujumbe. Siku moja nilimtumia: MASHINE IMECHOKA. BONYEZA ENTER MARA SITINI. Alibonyeza. Mteja akimuuliza kitu, anainua mkono, "Ngoja, niko thelathini na nane." Siku ingine nikamwandikia aandike jina la babu yake ndio mauzo yaendelee. Akaandika, akaniuliza kama majina mawili yanatosha. Alipogundua, hakukasirika sana. Alisema tu, "Nalianya, kuanzia leo kitu chochote ya ajabu nikiona hapa, najua ni wewe."

Basi.

Ijumaa hiyo, kabla watoe seva Kajiado, Kaluki alifunga kila kebo alama. Karatasi hakutaka. Kajiado karatasi ya gundi inakauka na vumbi, inaanguka. Alienda store akachukua tag mpya za ng'ombe, za manjano, namba moja mpaka nane, na ile koleo ya kutoboa masikio, akatoboa kila kebo kwa kile kishikio cha plastiki karibu na kichwa. Tag ya ng'ombe ikishaingia haitoki, labda uikate. Ile ya konsoli ikawa namba moja, na ile itaenda kaunta ya Ouma ikawa namba nane. Alimwonyesha mzee Lesiamon, storekeeper, ambaye ndiye alikuwa atasafiri na mzigo.

"Mzee, ona hii. Hii namba moja ndiyo mama yao. Hizi zingine ni watoto. Hii ikipotea, zote zimepotea."

Mzee Lesiamon aliishika, akaipima kwa mkono. "Hii ndio yeyo," akasema.

"Ndio hiyo. Yeyo."

"Ayia. Nimesikia."

Jumamosi saa tatu tulikuwa kwa chumba cha juu, Kitengela. Chumba kilikuwa chembamba, zamani kilikuwa cha kuweka mafagio. Wabebaji walikuwa wameweka seva karibu sana na ukuta na wakaenda zao. Huko nyuma ndiko mashimo ya kebo yako, nane, yamepangwa mstari. Mimi sikuingia, tumbo ilikataa. Kaluki alijaribu, akakwama na bega. Mzee Lesiamon alijikunja tu, mtu mrefu mwembamba, akapotea huko nyuma, tukabaki tunaona viatu vya tairi.

Kaluki alimpa kebo moja moja. Kulikuwa na giza, tochi ilikuwa kwa mdomo ya mzee.

"Umeweka zote, mzee?"

"Zote zimeingia boma."

"Zimekaza?"

"Zimekaza."

"Na namba moja? Iko mahali pake?"

"Iko mahali pake kabisa."

Akatoka, akajipangusa vumbi, akaenda store kuendelea na mambo ya magunia.

Sasa hapo ndipo nilifanya kitu. Skrini ya konsoli, ile ya kijani, iko na kitufe kidogo cha kuzungusha kwa pembeni, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kaluki alipoinama kuchomeka stima, nilikizungusha mpaka mwisho wa giza. Mpango wangu ulikuwa dakika tano. Yeye ashtuke, mimi nije na kidole kimoja, niwashe, tucheke.

Kaluki alitoa ufunguo wa seva, ulikuwa umening'inia shingoni na kamba ya kiatu. Akaugeuza kwa ile alama ya mkono, maana yake seva iamke polepole na iulize kila kitu kwa konsoli. Akabonyeza swichi nyeupe. Seva ikavuta pumzi. Namba zikaanza kupita kwa kidirisha.

Baada ya dakika ishirini na kitu, namba zikasimama. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Imekataa," Kaluki akasema.

"Ngoja kidogo," nikasema.

Alingoja. Halafu akachomoa stima ya skrini, akarudisha. Akabadilisha kibodi. Akaangalia kebo kutoka kwa meza mpaka ukutani, akiipapasa kama mtu anatafuta mfupa kwa samaki. Mimi nilikuwa nangoja aseme kitu cha kuchekesha ndio nijitokeze, na hakusema, na kila dakika ilifanya kujitokeza kuwe kugumu zaidi. Mwishowe nilinyoosha mkono nikazungusha kitufe.

Mwanga ukarudi. Kwa pembe ya skrini kulikuwa na kijistari kidogo cha kijani. Hakuna kitu kingine.

Kaluki aliangalia kitufe, akaangalia mkono wangu.

"Kutoka saa ngapi?"

"Kutoka asubuhi."

"Nalianya. Nimemaliza dakika arobaini nikitafuta stima."

"Ilikuwa mwanga tu. Nilidhani chini yake itakuwa imewaka."

"Na haijawaka."

"Haijawaka."

"Umefanya nini ingine?"

"Hakuna. Haki ya Mungu."

"Usitaje Mungu na hiyo mkono." Akaonyesha ndoo ya mopu iliyopinduliwa kwa kona. "Kaa hapo. Usiguse hata ukuta."

Nikakaa kwa ndoo. Hata ningemwambia ukweli kuanzia hapo, haungekuwa na kazi.

Alifungua daftari, akalinganisha namba ya kidirisha na kurasa zake, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akasimama. Akasoma kwa sauti: "Nimeenda chai na nikasahau kuijibu."

"Inamaanisha nini?" nikauliza kutoka kwa ndoo.

"Inamaanisha imeniuliza swali kwa konsoli na inangoja nijibu." Akaangalia skrini na kijistari chake. "Lakini haijaniuliza."

Alizima, akaanza upya. Ikachukua tena nusu saa. Ikafika namba ile ile, ikasimama. Saa sita kasoro kumi. Kaluki alikuwa amekaa wima na mikono kwa magoti, anaangalia kidirisha vile watu wanaangalia daktari akisoma karatasi.

Ndipo tukasikia Ouma kwa ngazi.

"Nalianya!" Alifika mlangoni amevaa aproni ya chumvi. "Bwana, toa hiyo kitu yako kwa skrini yangu. Niko na watu wa Kiserian hapo chini wanataka dawa ya kupe, nitaandika wapi?"

"Kitu gani?"

"Ati kitu gani. Kuanzia saa nne na nusu. Nikaifunika na gunia, nikasema huyu ataona sijashughulika, ataacha. Sasa hivi imepotea, imerudi tena. Hebu nihurumie, buda, leo ni Jumamosi."

"Ouma, mimi leo sijakufanyia kitu."

"Hiyo ndiyo ulisema ile siku ya babu."

Kaluki alikuwa amesimama. "Ouma, imeandika nini?"

"Inaniambia nichague namba. Moja mpaka nne hivi. Kizungu tupu."

"Umechagua?"

"Mimi? Nilikuwa karibu niweke mbili nione. Halafu nikakumbuka jina la babu, nikafunika."

Kaluki alienda mlangoni haraka. "Mbili ni kuweka mfumo upya, Ouma. Mbili ni kama kuhama nyumba na kuchoma vitu."

"Sasa ona huyu," Ouma akaniambia. "Ungefanya nifutwe."

Tulishuka sisi watatu. Kaunta ilikuwa na wateja kama sita. Juu ya skrini ya Ouma kulikuwa na gunia ya chakula ya kuku. Kaluki aliinua pembe moja, akachungulia chini yake. Hapo ndipo swali lilikuwa, kijani, limekaa kwa utulivu kati ya mizani na kikombe cha chai. Seva ilikuwa inaongea na Ouma kuanzia asubuhi.

"Endelea nayo hapa hapa," nikamwambia. "Keti, jibu. Madam ataelewa."

"Konsoli kwa kaunta? Mtu akikuja kununua chumvi anafuta kampuni." Akarudisha gunia vile ilikuwa. "Ouma, usiguse. Hata simu ikilia, usiiegemee."

"Mimi sigusi. Nimezoea."

Akaniangalia. "Seva inatafuta konsoli kwa shimo la kwanza tu. La pembeni, sifuri. Kebo ya Ouma ni namba nane. Nane imeingiaje shimo la kwanza?"

"Si mimi."

"Najua si wewe. Huwezi ingia kule nyuma." Hiyo ndiyo kitu nzuri pekee aliniambia siku hiyo.

Mzee Lesiamon aliitwa kutoka store. Alipanda ngazi polepole, fimbo kwa kwapa.

"Mzee, namba moja uliiweka shimo gani?"

"Katikati."

"Katikati kwa nini?"

Alishangaa swali. "Si ulisema ni yeyo? Si ulisema ikipotea zote zimepotea? Mimi ng'ombe yangu ya maana silazi kwa mlango. Simba ikikuja, ya kwanza kushika ni ile iko mlangoni. Hapo nimeweka ile ya huyu wa kaunta."

"Mimi?" Ouma alikuwa amefuata. "Mzee, umeniweka mimi kwa simba?"

"Wewe unapiga kelele, ero. Tutasikia."

Kaluki hakucheka, lakini alikaa chini kidogo kwa meza. Halafu akaongea naye taratibu, vile unaongea na mtu ambaye hajakosea.

"Mzee, umefikiria vizuri. Lakini hii mashine ikiamka inaangalia mlangoni tu. Isipoona mama mlangoni, inasema hapa hakuna mwenye boma. Inasalimia yule imekuta."

Mzee Lesiamon aliangalia seva. "Ina macho kwa mlango tu?"

"Mlango tu."

"Hii si mashine ya akili sana."

"Si ya akili sana, mzee. Naomba umrudishe."

"Ayia. Lakini mlango ufungwe."

"Tutafunga."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi na saba. Kaluki alizima. Mzee aliingia nyuma, na safari hii Kaluki alimsomea kila shimo na kila tag, mzee akirudia: moja mlangoni, mbili, tatu, mpaka Ouma wa nane mwisho wa boma. Kutoa na kukaza zile kebo kulichukua dakika nane. Saa sita na ishirini na tano Kaluki akabonyeza swichi.

Hesabu ilikuwa rahisi na kila mtu aliifanya. Seva inachukua nusu saa kuamka. Ofisi inafungwa saa saba.

Madam Selpha alipanda saa saba kasoro robo, mkoba kwa mkono. Alikuta mimi kwa ndoo, mzee Lesiamon kwa mlango na fimbo, na Kaluki mbele ya skrini ya kijistari.

"Haijawaka."

"Inaamka, Madam."

"Nalianya, wewe mtoto wa nyumbani, ni nini umefanya?"

"Nimezima mwanga asubuhi, Madam. Dakika arobaini." Nilisema kwa sababu Kaluki hakuwa amesema.

Aliniangalia kama anaandika barua kichwani. "Tutaongea." Akageukia Kaluki. "Mimi nilisema saa saba."

"Ulisema, Madam."

Namba zilikuwa zinapita kwa kidirisha. Zilikuwa zinasimama, zinafikiria, zinaendelea. Chini tulisikia Ouma akirudishia wale watu wa Kiserian chenji na kuwaambia mashine ni mgonjwa. Saa saba kasoro kumi. Kasoro saba. Madam alitoa ufunguo wa ofisi kwa mkoba, akaushika tu.

Saa saba kasoro nne skrini ikafutika yote. Kijistari kikapotea. Halafu maneno yakaja, mstari kwa mstari, yale yale ya chini ya gunia.

Hakuna mtu alipiga makofi. Madam Selpha aliinama, akavaa miwani.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama tuendelee."

Madam aliangalia saa yake, akairudisha kwa mkono wa sweta.

"Sasa unaniangalia mimi? Si wewe ndiye operator? Endelea."

Kaluki aliweka moja, akabonyeza Enter. Mara moja tu. Kutoka hapo seva iliuliza tarehe, ikauliza saa, akajibu zote akisoma saa ya Madam. Halafu ikaleta mahali pa kuandika jina na password. Aliandika, akabadilisha password, na akageuka kuhakikisha kwamba mimi naangalia dirisha.

Barua yake ilikuja Jumanne. Yangu pia ilikuja Jumanne, na ilikuwa fupi. Ilisema mtu wa kompyuta haruhusiwi kwa chumba cha juu bila operator. Ufunguo ulibaki kwa shingo ya Kaluki, na kamba ya kiatu ile ile.

Nilikaa mbali wiki mbili. Alhamisi moja Kaluki alishuka kula githeri akaacha mlango haujafungwa, na mimi nikakumbuka kwamba seva ilikuwa imesogezwa, hata mtu wa tumbo anaweza ingia nyuma. Nilitaka tu kebo ya nane. Kuilegeza kidogo, dakika moja, nisikie Ouma akipiga kelele. Niliingiza mkono kwa giza kutoka upande wa shimo la kwanza.

Nilitoa mkono haraka kuliko vile niliuingiza.

Hapo nyuma, mbele ya shimo la sifuri, kulikuwa na tawi la mti wa miiba, lile wanafungia mlango wa boma, limekatwa vizuri na kufungwa kwa mguu wa seva na kamba ya gunia. Lilikuwa limekauka. Lilikuwa hapo siku nyingi. Kaluki alikuwa anafagia hicho chumba kila asubuhi.

Nikaenda kwa sanduku ya dawa, nikafunga kidole na plasta, nikakaa kwa meza yangu na ribbon mpya kama mtu wa kazi. Kaluki alipopita kutoka chakula, aliangalia kidole. Alisimama pale kwa kaunta ya Ouma, akafungua daftari, akaandika kitu, akaiacha wazi hapo akipokea simu.

Nilienda nikachungulia. Upande wa kushoto, pale anaandika namba, alikuwa ameandika: "Plasta kwa kidole." Upande wa kulia: "Nalianya alikuwa nyuma ya seva."